Niliwaambia Nachonga Mawe

Siku niliyoitwa mwongo kuhusu mwili wangu mwenyewe nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya daktari, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mguu, najitahidi nisiegemee upande wa ufa. Mume wangu Deo alikuwa amesimama mlangoni. Daktari aliinua picha ya eksirei kuelekea dirishani, akaitazama, akaishusha. Kisha hakusema na mimi. Alisema na Deo.

"Huyu hanywi dawa."

Nilikuwa nimemaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu na sikuruka hata siku moja. Nilizinywa nikiwa na kichefuchefu. Nilizinywa msibani, nikiwa nimeomba maji kwa watu nisiowajua. Nilizinywa mkojo ukiwa mwekundu kama juisi ya rozela, na magoti yakiuma hivi kwamba kuchuchumaa jikoni ilikuwa adhabu.

"Daktari, nimekunywa zote," nikasema.

"Wote mnasema hivyo," akajibu, akaanza kuandika.

Ninaandika haya sasa kwa sababu yale mabaya zaidi yamepita, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani anayeponda kokoto, au anayekata vigae, au anayechimba visima, ambaye amekaa kwenye kiti kama kile na ameanza kuamini kwamba kosa ni lake. Huyo ndiye ninayeongea naye. Wengine wakisikia, na wasikie.

Naitwa Edina. Kwetu ni Mwamgongo, kule juu ya Gombe, ambako ukitaka kufika Kigoma mjini unapanda boti. Kuchonga nilifundishwa na baba yangu mdogo, Yohana, aliyekuwa fundi mwashi. Kazi yake ilikuwa kukata mawe ya misingi na ya kuta za kuzuia udongo usiporomokee ziwani, lakini akipumzika alikuwa na tabia ya kuchora samaki kwenye jiwe lililobaki. Kuhe, mgebuka, hata sangala mwenye magamba yote. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Siku moja alinipa tindo na nyundo, akaniambia, "Gonga kidogo kidogo. Jiwe likitaka kupasuka utalisikia kabla." Watu walimsema kwamba anamharibu mtoto wa kike. Aliendelea kunifundisha.

Nilipoolewa na Deo, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, tulipanga Gungu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo. Hapo ndipo nilipojenga kazi yangu. Nilianza na misalaba na majina ya makaburi. Baadaye parokia moja ikaniagiza Bikira Maria wa kuweka kwenye bustani, na watu walipomwona wakaanza kuulizana nani kachonga. Hoteli za ufukweni zikaja: samaki wa mageti, mabeseni ya maua, simba ambao sikuwahi kuwapenda lakini walikuwa wanapendwa na wateja. Kuna nyumba mjini hapa ambazo mtu huelekezwa kwa sanamu yangu. "Ukifika kwenye yule kuhe wa jiwe, pinda kushoto." Nilijivunia hilo na bado najivunia.

Jiwe letu la vilimani ni jekundu na gumu, na ukilivunja ndani linametameta. Nilipopata grainda, kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja. Na lilikuja vumbi ambalo tindo haikuwahi kunionyesha. Liliniingia kwenye kope, kwenye masikio, kwenye mshono wa nguo. Nilikuwa najifunga kanga puani nikaona nimejikinga. Binti yangu Furaha alikuwa akiniona jioni anasema, "Mama, leo umekuwa tofali."

Kikohozi kilianza mwishoni mwa mvua, wakati nachonga sanamu kubwa kuliko zote nilizowahi kuagizwa, mwanamke aliyeinama anaanika dagaa. Ilikuwa ya bustani ya hoteli. Nilidhani ni mafua. Nikanunua dawa ya maji duka la dawa, nikamaliza chupa, nikanunua nyingine. Kiangazi kikaingia, kikohozi kikabaki.

Kisha kikaja kile kilima cha kutoka barabara ya lami kwenda nyumbani. Nimekipanda miaka yote nikiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Sasa nilikuwa nasimama katikati yake najifanya nafunga kamba ya kiatu, na mguuni nimevaa ndala. Kwenye kwaya, mimi ni sauti ya pili, pumzi ilikuwa inaniishia kabla mstari haujaisha. Nikawa nafumbua mdomo tu. Jumapili moja mwalimu wa kwaya alinisogeza safu ya nyuma.

Mwili nao ukaanza kunitoka. Mkono wangu wa kulia, mkono wa nyundo, ulikuwa mnene kuliko wa kushoto tangu nikiwa msichana. Washonaji walikuwa wanalalamika. Ulikonda mpaka ikawa mikono yote inalingana, na nilipogundua hilo nikiwa naoga nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu. Watu wengine wanaogopa wakiona damu. Mimi niliogopa nilipoona mikono yangu inafanana.

Kituo cha afya nilichokwenda sitakitaja. Kina benchi za saruji, na watu hufika alfajiri ili wawe wa kwanza, kisha wanakuta wa kwanza wameshajaa. Pale mapokezi kijana aliniuliza jina, umri, mtaa. Akaniuliza kazi.

"Nachonga mawe," nikasema.

Akainua kichwa. "Unachonga nini?"

"Mawe. Sanamu, na majina ya makaburi."

Akamgeukia mwenzake, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu waliosikia mtoto anasema atakuwa rubani. "Basi mama niandike mkulima," akasema. Nikamwambia aandike nilichosema. Sijui aliandika nini.

Kwa daktari nikaulizwa tena, nikajibu tena.

"Hiyo ni sanaa," daktari akasema. "Mimi nauliza kazi."

Nikapigwa eksirei. Picha ilikuwa na madoa mapafu yote mawili. Nikatoa makohozi asubuhi, yakapimwa, hayakuwa na kitu. Nikatoa tena, hayakuwa na kitu. Daktari akasema wadudu wa kifua kikuu wakati mwingine hujificha, na kwamba picha inatosha. Nikaanzishiwa dozi.

Nataka nieleweke. Kifua kikuu kipo, kinaua, na mtu anayekohoa na kukonda anafanana kabisa na mwenye kifua kikuu. Ukiambiwa unacho, kunywa dawa mpaka mwisho kama nilivyokunywa mimi. Daktari kukosea kunaweza kumtokea yeyote. Ninachokasirikia ni kwamba nilimwambia jambo kwa mdomo wangu, mara mbili, naye akalitupa kwa sababu halikufanana na mwanamke aliyemwona mbele yake.

Habari zilifika Mwandiga kabla sijamaliza vidonge vya wiki ya kwanza. Huko ndiko anakoishi mama mkwe wangu, Bibi Veronika, mama mwenye mashamba yake na sauti yake. Alikuja kwa bodaboda, akamwambia dereva asubiri, akasimama uani. Nikatoka na kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kiti acha, sikai. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Mama, nimeshaanza dawa. Nesi amesema nikishazinywa wiki kadhaa siambukizi."

"Nesi hana mjukuu hapa." Akamwita Furaha, aliyekuwa darasa la tatu wakati huo. "Njoo, bibi. Chukua sare zako."

Nikamtazama Deo. Alikuwa anatazama chini, anajifuta grisi kwenye vidole kwa kitambaa ambacho kilikuwa na grisi kuliko vidole. Furaha akapanda bodaboda katikati ya dereva na bibi yake. Aliponipungia mkono, bibi aliushusha ule mkono ili ashike vizuri.

Miezi ile nilikuwa nakwenda Mwandiga kumwona mwanangu, nikifika nasimamishwa kwenye uzio wa minyaa. Siku moja nikaletewa maji kwenye kikombe cha bati, na nilipomaliza niliambiwa niende nacho, ni changu. Nimewahi kukasirika maishani, lakini sijawahi kukasirika kama siku ile niliyorudi mjini nimebeba kikombe mkononi kama mtu aliyekwenda kuomba uji.

Watu wa hoteli nao wakasikia. Sanamu yao ya mwanamke anayeanika dagaa ilikuwa imebaki mikono na uso. Siku moja likaja gari na wanaume wamevaa glavu na barakoa, wakasema bosi ameagiza kazi ichukuliwe ilivyo. Sikupewa nafasi ya kumalizia. Kabla ya kuipakia waliimwagia dawa ya kusafishia choo na kuisugua kwa brashi, mbele yangu, uani kwangu, kana kwamba jiwe linakohoa. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakimsugua yule mwanamke mgongoni. Mmoja wao, mtu mzima, aliona aibu akasema, "Samahani mama, tumetumwa." Nikamwambia, "Sugua vizuri, basi, umalize." Sikuwa na pumzi ya kusema zaidi.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipomaliza ile miezi sita na kuambiwa sinywi dawa.

Wakaniandikia kuanza upya. Na safari hii wakamwagiza Deo anisimamie. Deo si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini maandishi na koti jeupe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda Kibirizi, alikuwa anasimama mbele yangu na glasi ya maji, ananitazama nikimeza, kisha anasema, "Fungua mdomo." Nafungua. "Inua ulimi." Nainua. Mwanamke mzima, fundi mwenye jina mjini, nainuliwa ulimi na mume wangu kama mbuzi anayekaguliwa mnadani. Siku za mwanzo nilibishana. Baadaye nikawa nafungua mdomo kabla hajasema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba nilizoea.

Mvua zikakolea. Krismasi ikapita, Furaha akiwa Mwandiga. Nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea mito, kwa sababu nikilala chali nahisi mtu amekalia kifua changu. Nilikuwa nikitaka kusema jambo refu nalikata vipande. "Deo. Nipe. Kanga." Nguo ya kanisani niliifunga kwa pini mgongoni.

Pale kituoni kulikuwa na nesi wa dirisha la dawa, anaitwa Mwamini, mwanamke wa Ujiji, mpole, asiyependa maneno mengi. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana tu. Siku moja alinipa vidonge vyangu, kisha akatoka nje, akaja kukaa kwenye benchi ya saruji karibu yangu. Alikaa bila barakoa na bila kuacha nafasi katikati yetu. Sikuwa nimekaliwa karibu namna ile kwa muda mrefu, nusura nilie.

"Dada Edina," akasema polepole, "majibu ya makohozi yako yanapita kwangu. Kila mara hayana kitu. Mimi si daktari. Lakini ningekuwa wewe, ningekwenda Mwanza."

"Wataniandikia rufaa? Wanasema mimi ni mkaidi."

"Rufaa niachie mimi."

Sijui aliongea na nani wala alisema nini, ila wiki ile ile karatasi ilikuwa tayari. Kama nina mtu wa kumshukuru kwenye habari hii yote, ni huyo wa kwanza.

Basi la kwenda Mwanza nilipanda na homa. Njiani ikazidi. Nakumbuka Deo ananipepea kwa kipande cha boksi, nakumbuka mama mmoja abiria wa Kibondo akinishikia kichwa ili kisigonge dirisha. Kuingia hospitali sikumbuki. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa wodini, na mrija wa oksijeni puani, na nimepata homa kali ya mapafu juu ya ule ugonjwa uliokuwapo. Nilikaa pale mpaka nikawajua wafagiaji kwa majina. Kulikuwa na bibi wa Kisukuma kitanda cha jirani ambaye hakujua Kiswahili kingi, lakini kila mwanawe alipoleta uji alimwamuru animiminie na mimi. Tulikuwa tunakunywa tukitazamana, hatuna la kuambizana, na ulikuwa uji mzuri.

Hali ilipotulia akaja daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, Daktari Rehema. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, kabla hujaumwa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimelichoka swali hilo kuliko nilivyochoka kikohozi. Nikamwambia, "Andika chochote."

Akaweka kalamu juu ya shuka. "Sitaki kuandika chochote. Nataka kujua."

Deo akatoa simu, akamwonyesha picha: Bikira Maria, samaki, simba, mimi nimeshika grainda katika wingu jekundu, macho tu ndiyo yanaonekana. Daktari Rehema alizitazama zote. Hakucheka. Kwenye ile ya wingu akakawia.

"Umefanya hivi kwa muda gani?"

"Tangu Furaha hajazaliwa," Deo akajibu.

"Kwa maji au kavu?"

"Kavu," nikasema.

Akaivuta picha yangu ya eksirei, akaiinua, akaniita niitazame na mimi. Hakuna aliyewahi kunionyesha. "Mama Furaha, vumbi la jiwe unalolikata lina chembe ndogo ambazo kanga haizizuii. Zimeingia, zimekaa, mapafu yameweka makovu kuzizunguka. Haya madoa ndiyo hayo. Ugonjwa huu hauambukizi. Hukumwambukiza mtu, na hukuambukizwa na mtu."

"Linatoka?" nikauliza.

"Halitoki," akasema. "Nisikudanganye. Ila tunaweza kulizuia lisiongezeke, na tunaweza kukulinda na kifua kikuu chenyewe, maana mapafu kama haya kinayapenda."

Mtu angetegemea nilie. Nililala nikatazama dari, na aliyenijia akilini alikuwa baba mdogo Yohana.

Alikufa nikiwa bado msichana. Alikohoa miaka miwili, akakonda akawa kamba, wakasema ni kifua kikuu. Alitengewa kibanda nyuma ya nyumba, karibu na sehemu ya kuanikia nyavu. Chakula kilisukumwa kwa fimbo. Mimi nilikatazwa kumsogelea, na nilikuwa nasimama mbali naye anasimama mlangoni pake, tunaonyeshana kwa mikono: umechonga? Nimechonga. Alipokufa walichoma godoro, walichoma shati lake la kanisani, walichoma hadi mpini wa nyundo. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyepata ugonjwa ule, hata mke wake aliyekuwa amelala naye miaka yote, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mtu aliyekata mawe ya nusu ya kuta za kijiji kile alikufa peke yake kwa kuogopwa, kwa ugonjwa usioweza kumpata mtu mwingine hata kama angelala kifuani pake.

Nilimwambia Deo habari hiyo siku ile, kwa vipande vipande, kati ya pumzi na pumzi. Yeye ndiye aliyelia. Akasema, "Mama Furaha, nisamehe. Waliniambia hunywi."

"Na mimi nilikuambia nakunywa."

Alikaa na jambo hilo, na ninaamini bado anakaa nalo. Tunaishi vizuri sasa, lakini sitamdanganya msomaji kwamba yalifutika. Akinipa glasi ya maji mpaka leo huwa anaiweka mezani, kisha anageuka anatazama pembeni.

Tuliporudi Kigoma jambo la kwanza lilikuwa Mwandiga. Nilikwenda kwa miguu yangu kutoka kituo cha mabasi madogo, napumzika, natembea, Deo akiwa pamoja nami. Sikusimama kwenye uzio. Niliingia mpaka barazani nikakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi Veronika alibaki kwenye kizingiti. Deo akamweleza yote aliyoeleza daktari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwani mimi ningejuaje?" akasema. "Mngekuwa na mtoto mikononi mngefanya nini?"

"Ningeuliza, mama," nikasema. "Ungekaa kwenye kile kiti ukaniuliza."

"Mambo ya daktari wa Mwanza na daktari wa hapa, mimi nimwamini yupi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sikuwa na pa kuipeleka hasira yangu. Kisha Furaha akatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amerefuka. Aliponiona alikimbia, halafu akiwa hatua chache kutoka kwangu akasimama ghafla, akainua ncha ya kanga ya bibi yake aliyokuwa amejitanda, akajifunika pua na mdomo. Macho yake yalikuwa yanacheka juu ya ile kanga. Alikuwa na furaha ya kuniona, na alikuwa amefundishwa vizuri.

Bibi Veronika akageuka akaingia ndani. Nilimsikia anaburuta sufuria ambazo hazikuhitaji kuburutwa. Nikamwita mwanangu, nikamwambia ateremshe ile kanga taratibu, asiogope. Iliteremka kidogo, ikapanda tena. Siku ile alirudi na sisi nyumbani, lakini zilipita wiki kabla hajalala tena ubavuni kwangu bila kugeukia ukutani. Kila nilipohisi mgongo wake nilimlaani mtu, sijui nani.

Nilirudi pia pale kituoni na majibu ya Mwanza. Nilitaka tu waone. Daktari yule aliyasoma, akayasoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno pole. Akasema, "Sasa mama, mbona jambo muhimu kama hili hukulisema mapema?"

"Nilisema," nikamjibu. "Ulisema ni sanaa."

"Hukufafanua."

Nilichukua majibu yangu nikatoka. Mwamini aliniona kutoka dirishani, akanyanyua mkono. Nilijua nikibaki mle ndani nitasema maneno nitakayoyajutia, na pumzi yenyewe sina ya kupoteza kwa mtu yule.

Mvua zimekuja na kwenda tena tangu wakati huo. Kilima nakipanda kwa kupumzika mara kadhaa, na sijifanyi nafunga kiatu. Nasimama wazi, anayepita anipite. Nina dawa ya kuvuta, nina kliniki, msimu wa baridi ya kiangazi unanisumbua kwa vumbi la barabarani. Kwenye kwaya nimerudi, naimba mistari mifupi. Mkono wa kulia haujarudi kuwa mnene.

Daktari Rehema alitaka niache mawe kabisa. Tulibishana kwa simu, kwa heshima, tukafika mahali: grainda marufuku, jiwe jekundu marufuku. Sasa nachonga jiwe la chokaa linaloletwa kutoka Makere. Ni jeupe, ni laini, halina ile chembe kali. Nachonga kwa tindo tu, jiwe likiwa limelowa maji muda wote, barakoa ya maana usoni, saa za asubuhi ambapo hakuna upepo. Vitu vyangu ni vidogo siku hizi. Watu wanaoagiza simba nawaambia sifanyi simba, na hapo nakiri nimepata faida.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya kusimulia ninavyochonga. Ukitoka mjini kwenda Mwandiga, kando ya barabara kuna wanawake wamekaa chini ya vipande vya turubai, wanaponda mawe mekundu kwa nyundo kuwa kokoto za kujengea nyumba za watu. Nilikuwa nimepita pale miaka yote. Baada ya Mwanza nikashuka. Nikawasalimu, "Mwakeye," wakaitikia, wakanipa jiwe la kukalia. Nikawaeleza. Walinisikiliza huku wakiponda. Mmoja akasema, "Kwa hiyo tuache, tule nini?" Nikasema sijui. Nikawaambia angalau wamwagie maji kabla ya kuponda. Wakaniambia maji ni ya kununua, na mwenye lori hapendi kokoto mbichi. Niliondoka na hasira za kutosha mwaka mzima. Hata hivyo nilirudi, na nimeendelea kurudi, na wapo wanaomwagia maji sasa, mwenye lori apende asipende.

Miongoni mwao kuna Sesilia, mama wa makamo, mwoga wa watu, anayeongea Kiha kuliko Kiswahili. Alikuwa na kikohozi nilichokijua kabla hajamaliza kukohoa. Nikamwambia nitampeleka. Akasema wakubwa wa hospitali humfanya asahau maneno. Nikamwambia maneno ni mawili tu, kazi yako, na wakicheka uyarudie.

Tulikwenda pale pale, kwa sababu ndipo pa karibu. Mapokezi walimwandika mkulima kabla hajafungua mdomo, akanitazama, sikumsemea. Nilitaka nimwone. Alipoitwa kwa daktari yule yule, nilibaki kwenye benchi ya saruji, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Nilisikia akiulizwa kuhusu kikohozi, na homa, na jasho. Alijibu kwa sauti ndogo. Nikasikia daktari akimwambia aende akatoe makohozi kisha apige picha, na kiti kikasogezwa kama mtu anayeinuka.

Halafu kikarudishwa.

"Mimi naponda kokoto," Sesilia akasema.

"Sawa, mama. Nenda maabara."

"Naponda kokoto, daktari. Mawe mekundu, toka mwanangu wa kwanza hajaoa." Sauti yake ilikuwa inapanda, na watu kwenye benchi waliacha mazungumzo yao. "Uandike hivyo kwanza. Maabara nitakwenda, ila sitoki hapa mpaka nione umeandika."

Nikasikia karatasi ikifunuliwa. Kisha nikamsikia daktari anauliza, kwa sauti ya chini, "Unaponda kwa mkono, au kuna mashine?"